Je, Watu wa Delta Hawasikii?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kulijibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi, tena kutoka vinywani mwa watu waliosoma, na mara nyingine, nasema kwa haya, kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Neno lenyewe ni hili: "Watu wa delta hawasikii. Wameambiwa miaka na miaka wasikate mikoko, nao wanakata. Wameambiwa wahame bondeni, nao wamerudi. Basi watu wa namna hii wafanyiwe nini, ila nguvu?" Kisha msemaji hutikisa kichwa, humalizia kwa methali ya asiyesikia la mkuu, waliopo hucheka, na mazungumzo huisha hapo.

Mimi nakaa Ruaruke, ukingoni mwa delta ya Rufiji, nami nawafundisha watoto wa hao wasiosikia. Nasema kwamba neno hilo si kweli, na zaidi ya kuwa si kweli lina madhara. Watu wa kwetu wamesikia kila walichoambiwa. Jambo ambalo halikufanyika, au limefanyika mara chache mno, ni kusemezana nao. Kuambiwa na kusemezana ni mambo mawili, na aliyelitenda la kwanza hana haki ya kudai matunda ya lile la pili.

Wasomaji wa bara huenda hawaijui mikoko, basi niieleze kidogo. Ni miti imeayo katika matope ya pwani, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi. Si mti mmoja bali ni jamaa nzima: mkoko wenyewe, na msinzi, na mkandaa, na mchu, na mlilana, na mkomafi, na msikundazi. Delta yetu ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Boriti zake zilipakiwa katika majahazi kwa karne nyingi zikaezeka nyumba za Unguja na za Arabuni. Kamba wakubwa hutaga mayai yao baharini, walakini watoto wao huja kulelewa katika mizizi ya mikoko, kama vile mwana apelekwavyo kwa bibi yake. Mti ukiondoka, ukingo wa mto humomonyoka na bahari huingia mashambani. Haya yote ni kweli, wala sina ugomvi na yeyote ayasemaye.

Ugomvi wangu ni juu ya namna yanavyosemwa. Wajerumani waliufanya msitu huu kuwa wa hifadhi mwaka 1898. Waingereza wakashika njia ile ile. Mwaka 1987 Serikali yetu wenyewe ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchi nzima, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuisimamia. Hesabu, msomaji, hiyo ni miaka zaidi ya 120 ya amri. Mwalimu ambaye kwa miaka 120 amefundisha somo moja kwa njia moja, na wanafunzi wasilishike, angalau mara moja ingempasa kujiuliza kama kosa ni la wanafunzi peke yao.

Miezi michache iliyopita mgeni mmoja, kutoka ofisi nisiyoitaja, alifika kutufundisha habari za mikoko. Nasema kwa haki: alikuwa mtu mpole, tena msomi. Watu walikusanyika chini ya mwembe wa shule, wanaume upande mmoja na akina mama upande wa pili. Yeye akafungua karatasi zake akasoma kwa muda wa saa moja na robo. Alitaja uhifadhi shirikishi, alitaja mfumo ikolojia, alitaja bayoanuwai, alitaja hewa ukaa. Kisha akauliza, "Kuna swali?" Watu wakanyamaza. Akafurahi kwa kuwa wameelewa, akapigiwa makofi, akagawa fulana zenye picha ya mti, akapanda gari lake. Bila shaka katika daftari lake iliandikwa kwamba watu mia na kitu wamepewa elimu.

Jioni ile jirani yangu, bibi mmoja mwenye wajukuu wanne shuleni kwetu, alinikuta barazani. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akaketi, akasema, "Mwalimu, yule mgeni kasema tusilime kule chini. Sawa. Kasema tule nini?"

Nikamwambia, "Bibi, mbona hukumwuliza mwenyewe?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, yeye kauliza kama kuna swali. Hakuuliza kama kuna njaa."

Nikamwomba anieleze habari ya shamba lake, naye akanieleza hata giza likaingia. Yeye na marehemu mumewe walifyeka shamba lao la kwanza mahali ambapo maji ya mto yamekuwa matamu, maana mto wetu huhamahama katika njia zake, na sehemu iliyokuwa ya chumvi zamani za wazazi wetu yaweza leo kustawisha mpunga. Miaka ya kwanza walivuna vizuri. Baadaye magugu yakaja, na pamoja na magugu wakaja kaa, ambao huikata miche michanga usiku mmoja kama kwa mkasi. Wakapanda tena, kaa wakakata tena. Ndipo wakaliacha shamba lile wakafyeka jingine. "Wadhani tunapenda kufyeka?" akaniuliza. "Mti wa mchu si mchezo kuukata, na matope yale yafika magotini. Mtu angetufundisha kumshinda kaa na magugu katika shamba la kwanza, tungekwenda la pili kutafuta nini?"

Nawaomba wasomaji wayapime maneno hayo. Hapo, katika kinywa cha mzee asiyejua kusoma, palikuwa na sababu yenyewe ya ukataji wa mikoko, na pengine palikuwa na mlango wa dawa yake: si fulana, wala si faini, ila bwana shamba wa kupambana na magugu na kaa. Mgeni alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwa bibi huyo kwa saa moja na robo, akaondoka bila kulijua jambo ambalo lingemfaa kuliko karatasi zake zote. Ni nani basi asiyesikia?

Sisemi kwamba kila lisemwalo na wanakijiji ni kweli. Huo nao ni ugonjwa wa siku hizi, kumsifu mkulima kwa kila neno kana kwamba ni nabii. Bibi yule yule nilipomwambia kwamba kamba wanapungua kwa sababu ya kukata miti, alinicheka, akasema wamemalizwa na meli kubwa za kukokota nyavu. Tulibishana. Ni kweli kwamba Serikali ilizisimamisha meli hizo mwaka 2008 kwa sababu kamba walikuwa wakipungua. Na ni kweli pia kwamba mtoto wa kamba asiye na mizizi ya kujificha huliwa. Mwisho kila mmoja wetu aliondoka na nusu ya ukweli wa mwenziwe. Hilo ndilo niitalo kusemezana, nalo haligharimu fulana hata moja.

Tutazame sasa yale ya kuhamishwa bondeni. Baada ya mafuriko makubwa, mwaka 1968, Serikali ilianza kuwahamisha Warufiji kutoka bondeni hadi nyanda za juu. Nia ilikuwa njema, kuwaokoa watu na maji, na kuwapatia shule na zahanati. Walakini kwa Mrufiji mafuriko si adui tu. Maji yakipungua huacha udongo mweusi wenye rutuba, na katika udongo huo hupandwa mazao ya mlau, ambayo humlisha mtu bila kungoja mvua. Mkulima hujenga dungu lake juu ya nguzo ndefu, hulala humo akilinda mazao na wanyama, na maji ya kawaida hupita chini yake. Aliyetoa amri aliyaona maji, hakuliona dungu. Ndiyo maana watu wengi walihama kwa nyumba wakabaki kwa mashamba, wakitembea mwendo mrefu kwenda na kurudi. Wakaitwa wakaidi.

Kisha likaja jambo la kamba. Katika miaka ya 1990 kampuni moja, African Fishing Company, ilitaka kupewa hekta 10,000 katika delta ili kufuga kamba. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe, hata hivyo mwaka 1997 Serikali iliukubali. Hapo watu wa delta, hao hao wasiosikia, walisikia upesi sana. Wako waliouunga mkono, maana waliahidiwa kazi. Wengi waliupinga, wakiogopa kunyang'anywa mashamba na mito yao. Wakapata mawakili wa mazingira wa chama cha LEAT, na waandishi wa habari za mazingira wa chama cha JET wakalipeleka jambo hilo magazetini, likafika mahakamani na likajulikana hata ng'ambo. Mradi ule haukujengwa. Mimi sikumbuki habari hii ili kumshitaki mtu. Naikumbuka kwa sababu inaonyesha kwamba habari ikimfikia mtu kwa lugha yake, tena ikigusa chakula chake, naye akiwa na mahali pa kujibu, huinuka. Yule anayeitwa mzito alikuwa hajaulizwa tu.

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, haya ni mambo ya kupinga. Kupinga ni kazi rahisi. Tuonyeshe mahali ambapo mazungumzo yaliwafanya watu kubadili desturi zao wenyewe." Vema, na tusiende mbali.

Wazee watakumbuka mwaka 1973, mwaka wa kampeni ya "Mtu ni Afya." Redio ilikuwepo tangu zamani, na tangu zamani iliwaambia watu wachimbe vyoo, wala hawakuchimba sana. Safari hii ilifanywa kwa njia nyingine. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Watu wazima karibu milioni mbili wakajiunga katika vikundi vidogo vijijini, na kwa muda wa majuma kumi na mawili wakakusanyika kuisikiliza redio, kusomewa kitabu, na kisha, hapa ndipo penye kiini, redio ikazimwa na watu wakaulizana. Hapa kwetu malaria hutoka wapi? Choo cha fulani kiko karibu na kisima, tufanyeje? Nani ana jembe? Wakakata shauri, na kesho yake wakaenda kufanya lile walilokata shauri. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa, katika sehemu nyingi za nchi kwa wakati mmoja. Sauti ya redio ilikuwa ile ile ya siku zote. Kilichozidi ni ile nafasi ya kujibu.

Mfano wa pili. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa "Twende na Wakati," juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Wataalamu walitaka kujua kama mchezo wa redio waweza kweli kuwabadili watu, kwa hiyo sehemu za Dodoma hazikupelekewa mchezo huo hata mwaka 1995, ili zilinganishwe na kwingine. Wakaona tofauti. Tena wakaona kwamba watu hawakubadilika kwa kuisikia redio peke yake, bali zaidi pale mke alipomwuliza mumewe, "Umemsikia yule jana?" na mume akajibu. Maneno ya redio yalikuwa kama kiberiti; kuni zilikuwa mazungumzo ya nyumbani.

Na hapa hapa Rufiji, kuanzia 1998 hata 2003, ulikuwapo mradi wa mazingira uliosaidiwa na IUCN, ambao katika vijiji vichache vya mfano, Twasalie na Jaja vya delta vikiwamo, uliketi na wanakijiji kutengeneza mipango ya mazingira ya kijiji kwa kijiji. Kazi ile ilikwenda polepole, ikalalamikiwa kwa upole wake. Nami nakiri kwamba mradi ulipokwisha, fedha zilikwisha nazo, na vikao vingi vikapoa. Mazungumzo yasiyo na mwenyewe hufa mgeni anapofunga mizigo.

Nije karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalijaa Rufiji na Kibiti, yakachukua mashamba na kuzamisha nyumba. Mwaka ule ule, mwezi wa Februari, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeanza kutoa umeme. Wengi wa bondeni waliamini mara moja kwamba wamefunguliwa maji ya bwawa. Wenye mamlaka wakaeleza kwamba mvua zilikuwa nyingi mno, na kwamba bila bwawa mafuriko yangekuwa mabaya zaidi. Mimi si mhandisi, siamui. Ninachojua ni kwamba maelezo yatolewayo wakati mtu amekaa juu ya paa hayamwingii, hata yakiwa kweli tupu. Wakati wa kumweleza Mrufiji namna bwawa lifanyavyo kazi, na milango yake hufunguliwa lini na kwa nini, ulikuwa miaka ile ya ujenzi, tangu 2019, naye akiwa nchi kavu, ameketi, ana nafasi ya kuuliza mara tatu.

Linganisha na majuma machache baadaye, mwanzo wa Mei 2024, tufani ya Hidaya ilipokaribia pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, ikarudia, ikasema kwa Kiswahili chepesi tufani iko wapi, yaenda wapi, na itafika lini. Boti za Unguja zikasimamishwa. Watu hawakuulizwa maoni yao, ni kweli. Mbele ya tufani hapana kikao. Walakini habari ilikuja kabla ya jambo, ikaeleza sababu, na kila siku ikasahihishwa kadiri tufani ilivyokwenda. Watu wasiosikia wakavuta mitumbwi yao nchi kavu.

Sasa nawageukia wenzangu, sisi walimu na wasomaji wa gazeti hili. Sisi Wakristo ni wachache hapa Rufiji, majirani zetu wengi ni Waislamu, na wengi wetu tuna kadesturi kabaya: tukisoma jambo la maana tunalifunga kabatini pamoja na gazeti. Ezra alipoisoma torati mbele ya watu, hakusoma tu akashuka jukwaani. Walawi walisimama katikati ya watu wakawaeleza maana yake, hata watu wakalia, kisha wakala na kufurahi kwa kuwa wameyafahamu. Sisi tumeshika kusoma, tumewaacha Walawi nyumbani. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuuchukua ukurasa juu ya mashamba au maji akaupeleka kwa imamu jirani yake, wakaujadili wawili, kisha kila mmoja akaueleza kwa watu wake? Maji hayachagui nyumba ya mtu wa dini hii wala ya dini ile.

Na ninyi wanakijiji wenzangu, nisiwaache bila neno. Tunanyamaza kimya mbele ya mgeni, kisha tunasema sana kwenye kahawa. Siku hizi tunasema zaidi katika simu. Uvumi juu ya bwawa ulifika Ruaruke kwa WhatsApp kabla ya maji, nao uliongezwa chumvi na kila mkono ulioupitisha, na mikono mingine ilikuwa ya walimu. Mtu hana haki ya kulalamika kwamba hakuulizwa ikiwa alipoulizwa alitazama miguu yake.

Wako watakaosema kwamba njia yangu ni ndefu, na mikoko yaisha. Nawajibu kwamba njia ya mkato tumeifuata tangu 1898. Tena lipo jambo jipya mlangoni. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zilipotolewa mwaka 2022, neno kaboni limeanza kutajwa vijijini, kwamba hewa iliyoshikwa na miti huweza kuuzwa ng'ambo. Pengine ni neema. Walakini nilipowauliza watu wazima kumi hapa kwetu maana ya neno hilo, watatu walisema ni mkaa, mmoja akasema ni karatasi ya kunakilia, na waliobaki walicheka tu. Watu wa hali hii wakiletewa mkataba kesho watatia sahihi kwa heshima ya mgeni, na kesho kutwa, watakapofyeka mpunga mahali palipouzwa hewa yake, wataitwa tena wasiosikia. Afadhali neno hilo lielezwe sasa, kwa wazee, kwa akina mama wenye mashamba, kwa vijana wa kamba na kaa. Tena aelezaye akae hata aulizwe swali la pili, maana swali la kwanza huwa la adabu tu.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu zetu huitwa kila miezi mitatu, uko karibu, na nimesikia kwamba yule mgeni wa mikoko atarudi. Bibi jirani yangu aliniomba nimwandikie habari ya kaa na magugu katika karatasi, niisome mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nitasikilizwa. Nimekataa. Nimemwahidi tu kwamba nitamwomba mwenyekiti ampe bibi nafasi ya kwanza, kabla mgeni hajafungua karatasi zake, na kwamba mgeni nitamketisha karibu naye, upande wa sikio lake zuri.

Ni mimi mwalimu wenu,
Ruaruke